Kujenga Modeli ya Bakteria wa Utumbo: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Uji Wenye Madini ya Chuma

Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Gut lilichapisha matokeo ya majaribio mawili yaliyofanywa kwa watoto 115 wa pwani ya kusini ya Kenya, waliokuwa na umri wa miezi 6 walipoanza. Kwa miezi 4 watoto hao walikula kila siku uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa virutubisho. Wengine unga wao ulikuwa na madini ya chuma, miligramu 2.5 katika jaribio la kwanza na miligramu 12.5 katika la pili, na wengine unga wao haukuwa na madini hayo. Kabla ya uji kuanza, asilimia 63 ya alama za kijenetiki zilizosomwa katika vinyesi vyao zilikuwa za familia ya bifidobakteria, wale bakteria wanaostawi kwa sukari za maziwa ya mama. Miezi 4 baadaye, kwa watoto waliopewa chuma, enterobakteria, familia ya bakteria ambayo baadhi yao huleta kuharisha, walikuwa wameongezeka, hasa kundi la Escherichia na Shigella, na uwiano wao dhidi ya bifidobakteria ulikuwa umepanda.

Chuma kiliwekwa kwa sababu nzuri, kwa kuwa upungufu wa damu kwa watoto wa umri huo si jambo la kupuuza. Sehemu kubwa ya chuma cha chakula haifyonzwi, bali hushuka hadi utumbo mpana, na huko huwakuta enterobakteria wenye njaa nacho na bifidobakteria ambao mahitaji yao ya chuma ni madogo. Hadi hapo maelezo ya maneno yanatosha. Hayatoshi tunapouliza enterobakteria wataongezeka mara ngapi, bifidobakteria watapungua kwa kiasi gani, mabadiliko yatachukua siku ngapi, na sukari ya kuwalisha bifidobakteria iongezwe kiasi gani ili hali irudi ilivyokuwa. Maswali hayo yanahitaji milinganyo.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujenga modeli ndogo ya jamii hiyo tangu karatasi tupu hadi kuijaribu dhidi ya data. Anayeufuata anahitaji aljebra ya sekondari, ufahamu wa logi, na programu ya majedwali, kisha R au Python, yaani lugha za kuandikia programu za kompyuta, pindi hesabu zinapozidi uwezo wa mkono. Mpangilio wake unaweza kumshangaza aliyezoea maabara, kwa sababu sampuli zinakuja katikati badala ya kuja mwanzoni. Watafiti wengi hukusanya vinyesi kwanza, wakamtafuta mtu wa hisabati baadaye, na mtu huyo hugundua kwamba sampuli zilichukuliwa kwa ratiba isiyoweza kujibu swali lililoulizwa.

Hatua ya 1: Andika swali moja, kisha uchague makundi machache

Swali letu ni hili: chuma kinapoongezwa, idadi ya enterobakteria na ya bifidobakteria kwa kila gramu ya kinyesi itatulia wapi, na baada ya muda gani? Swali likiandikwa hivyo, limekwisha kuamua vibadilika viwili, B kwa bifidobakteria na E kwa enterobakteria, pamoja na kipimo chake, ambacho ni seli kwa gramu. Tutatumia bilioni 10 za seli kwa gramu kama kizio kimoja, na siku kama kizio cha muda.

Kishawishi cha kuongeza makundi ni kikubwa, kwa kuwa mashine ya kusoma jeni itakuletea orodha ya mamia ya majina. Hesabu gharama yake kabla ya kukubali. Katika modeli tutakayoitumia, kila kundi lina kasi yake ya kukua, lina kigezo kimoja cha athari inayotoka kwa kila kundi likiwemo lenyewe, na lina kigezo cha mwitikio wake kwa chuma. Makundi 2 yanadai vigezo 8, makundi 10 yanadai 120, na makundi 50 yanadai 2,600. Sijaona mradi wa watoto wachanga wenye sampuli za kutosha kukadiria vigezo 2,600 kwa uaminifu. Kundi lisilogusa swali lako moja kwa moja liunganishwe na mengine au liachwe.

Hatua ya 2: Andika milinganyo na useme kila alama ina maana gani

Milinganyo ya aina hii iliandikwa na Alfred Lotka mwaka 1925 na Vito Volterra mwaka 1926, huyu wa pili akijaribu kueleza mabadiliko ya samaki katika masoko ya bahari ya Adriatiki baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka samaki hadi utumbo si safari ndefu kama inavyoonekana, kwa sababu wazo lenyewe linabaki lile lile: kasi ya kundi kuongezeka inategemea ukubwa wake, ikizidishwa na mazingira yanayomruhusu kila mmoja kuzaliana.

kasi ya B = B × (rB − aBB × B − aBE × E)

kasi ya E = E × (rE + c × u − aEB × B − aEE × E)

Hapa rB na rE ni kasi halisi za kukua kundi linapokuwa dogo, baada ya kutoa wale wanaotolewa na kinyesi. Vigezo aBB na aEE vinaonyesha kila kundi linavyojibana lenyewe kwa kugombea chakula. Kigezo aEB ni athari ya bifidobakteria juu ya enterobakteria, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na asidi ya asetiki na ya laktiki zinazoshusha pH ya utumbo mpana, na aBE ni athari ya upande wa pili. Alama u ni swichi ya chuma: ni 0 mtoto asipopewa na 1 anapopewa. Kigezo c kinasema chuma kinaongeza kasi ya E kwa kiasi gani.

Tazama kwamba hatukuweka c katika mlinganyo wa B. Huo ni uamuzi wa kibiolojia, nao unamaanisha kwamba kupungua kokote kwa B katika modeli kutakuwa kumepitia kwa E. Mwandishi wa modeli anapaswa kuandika uamuzi wa namna hii waziwazi, kwa sababu ndio utakaoshambuliwa kwanza, na ni haki ushambuliwe. Data ikija, tutaongeza kigezo cha B pia na kuiacha data iseme kama ni sifuri.

Njia ya kuingiza usumbufu kutoka nje kama nyongeza katika kasi ya kukua imekwisha kutumika kwa utumbo. Kazi iliyochapishwa mwaka 2013 katika PLoS Computational Biology iliitumia kwa panya waliopewa antibiotiki ya klindamisini na kisha kuambukizwa Clostridium difficile, bakteria anayesababisha kuharisha, antibiotiki ikichukua nafasi ambayo hapa tunaipa chuma.

Hatua ya 3: Weka namba za majaribio na ufanye hatua ya kwanza kwa mkono

Namba zifuatazo ni za kujifunzia na hazikupimwa kwa mtoto yeyote: rB = 1.0, aBB = 0.5, aBE = 0.4, rE = 0.8, aEE = 1.0, aEB = 0.3, na c = 0.3. Zimechaguliwa ili B peke yake ifike 2 na E peke yake ifike 0.8, yaani seli bilioni 20 na bilioni 8 kwa gramu.

Anza na B = 1.0 na E = 0.1, bila chuma. Mabano ya B yanatoa 1.0 − 0.5 − 0.04 = 0.46 kwa siku. Mabano ya E yanatoa 0.8 − 0.3 − 0.1 = 0.40 kwa siku. Baada ya sehemu moja ya kumi ya siku, logi asilia ya B imepanda kwa 0.046 na ya E kwa 0.040, hivyo B inakuwa 1.047 na E inakuwa 0.104. Rudia kwa namba mpya. Mistari mia mbili ya jedwali la kompyuta itakupa siku 20.

Zingatia kwamba tumesogeza logi badala ya kusogeza idadi yenyewe. Ukisogeza idadi kwa hatua kubwa, kundi dogo linaweza kushuka chini ya sifuri, na bakteria hasi watavuruga kila kitu kinachofuata bila programu kulalamika. Hata utakapohamia kwenye vifurushi vya kutatua milinganyo, deSolve ya R au SciPy ya Python, endelea kukokotoa kwa logi. Fanya pia hatua mbili za kwanza kwa mkono na uzilinganishe na majibu ya programu, kwa maana kosa la alama ya kutoa katika aEB halionekani kwenye mchoro mzuri.

Hatua ya 4: Tafuta msawazo

Makundi yote mawili yanatulia pale mabano yote mawili yanapokuwa sifuri. Bila chuma tunapata milinganyo sambamba ya kawaida:

0.5B + 0.4E = 1.0

0.3B + 1.0E = 0.8

Kigawanyo chake ni 0.5 × 1.0 − 0.4 × 0.3 = 0.38. Kwa hiyo B = 0.68 ÷ 0.38 = 1.79, na E = 0.10 ÷ 0.38 = 0.26. Tukiwasha chuma, 0.8 inakuwa 1.1, nasi tunapata B = 0.56 ÷ 0.38 = 1.47 na E = 0.25 ÷ 0.38 = 0.66.

Yasome majibu hayo taratibu. Chuma kiliongeza kasi ya E kutoka 0.8 hadi 1.1, yaani kwa chini ya asilimia 40, lakini idadi ya E iliongezeka mara 2 na nusu. Bifidobakteria walipungua kwa asilimia 18 ingawa chuma hakikuwagusa. Uwiano wa E kwa B ulipanda kutoka 0.15 hadi 0.45. Jumla ya bakteria wote ilibadilika kidogo sana, kutoka 2.05 hadi 2.13, hivyo mtu aliyepima jumla peke yake angeapa kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu ya mrukio huo imo katika 0.10, namba iliyogawanywa kwa 0.38 ili kupata E. Namba hiyo ni tofauti ya namba mbili zinazokaribiana, 0.40 na 0.30, na tofauti ndogo hutikisika kwa urahisi. Ukiongeza rE kwa asilimia 10 tu, E inapanda kwa asilimia 40. Ukiongeza rB kwa asilimia 10, E inashuka kwa asilimia 30. Kundi dogo linaloishi katika kivuli cha kundi kubwa huwa hivyo, na ndiyo sababu kipimo cha enterobakteria hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto hata pale vyakula vyao vinapofanana. Jedwali la mitikisiko ya namna hii, kigezo kimoja baada ya kingine, litengenezwe kabla ya kwenda hatua inayofuata, kwa kuwa linaonyesha vigezo vinavyostahili fedha za maabara na vile vinavyoweza kukisiwa bila madhara.

Milinganyo hii hii inajibu pia swali la sukari. Watafiti waliofanya jaribio lililofuata nchini Kenya, lililochapishwa mwaka 2017, waliongeza gramu 7.5 za sukari za galakto-oligosakaridi katika unga wenye miligramu 5 za chuma, na waliona kwamba sukari hiyo ilipunguza madhara ya chuma kwa bakteria wa utumbo. Katika modeli yetu sukari hiyo inapandisha rB. Ikiipandisha hadi 1.2, chuma kikiwa kimewashwa, B inakuwa 2.0 na E inashuka kutoka 0.66 hadi 0.50. Ili E irudi kabisa ilipokuwa kabla ya chuma, rB inapaswa kufika 1.5. Kwa hiyo, kwa namba hizi, sukari inayoongeza kasi ya bifidobakteria kwa asilimia 20 inafuta asilimia 40 tu ya tatizo, na ongezeko la asilimia 50 ndilo linalolifuta lote.

Hatua ya 5: Uliza mfumo unarejea kwa siku ngapi, kisha upange sampuli

Mtoto akipewa antibiotiki kwa siku chache, idadi zitasogea mbali na msawazo halafu zitarejea. Kasi ya kurejea inapatikana kwa kutatua mlinganyo kwadratiki mmoja. Jumla ya aBB × B na aEE × E kwenye msawazo bila chuma ni 0.895 + 0.263 = 1.158. Zao la B, E na kile kigawanyo cha 0.38 ni 0.179. Tukiiita kasi hiyo λ, andika:

λ² + 1.158λ + 0.179 = 0

Majibu yake ni −0.18 na −0.97. Yote mawili ni hasi, na hiyo ndiyo maana ya msawazo kuwa thabiti. Jibu lililo karibu na sifuri ndilo linalotawala mwendo wa mwisho: 1 ÷ 0.18 ni kama siku 5 na nusu. Katika muda huo umbali kutoka kwenye msawazo unapungua hadi kubaki zaidi kidogo ya theluthi moja. Chuma kikiwa kimewashwa, hesabu hiyo hiyo inatoa kama siku 2.8. Kwa makundi mengi zaidi kompyuta itafanya kazi hii kwa amri moja inayotafuta thamani eigeni za matriki, ambazo ndizo hizo λ.

Hapa ndipo modeli inaporudisha gharama yake. Ikiwa mambo hutulia ndani ya wiki mbili, sampuli moja mwanzoni na moja mwishoni mwa miezi 4 zitaonyesha misawazo miwili na hazitaonyesha chochote kuhusu njia iliyopitwa. Kutokana nazo huwezi kutenganisha kasi ya kukua na nguvu ya kubana. Sampuli za maana zaidi ni za siku 10 za kwanza baada ya uji kubadilika. Jamii iliyotulia ni kama dau lililotia nanga: ukilitazama mchana kutwa hutajua lina kasi gani.

Hata hivyo usikimbilie kuchukua sampuli kila siku bila kupiga hesabu nyingine. Tuseme kila kipimo cha idadi kina kosa la asilimia 20. Tofauti ya logi mbili zenye kosa hilo itakuwa na kosa la kama 0.28. Ukizigawanya kwa siku moja, kosa la kasi ni 0.28 kwa siku, wakati kasi zenyewe unazozitafuta ziko kati ya 0 na 0.4. Ukizigawanya kwa siku 3, kosa linashuka hadi 0.09. Kwa mfumo unaorejea kwa siku 5 na nusu, nafasi ya siku 2 au 3 kati ya sampuli ni mapatano yanayokubalika, na kupima kila sampuli mara mbili kuna faida kuliko kuongeza siku.

Hatua ya 6: Pata idadi kamili, usikubali asilimia

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu modeli nyingi zinazokufa hufia hapa.

Mashine ya kusoma jeni ya 16S, jeni ambayo bakteria wote wanayo na ambayo hutumika kuwatambua, hutoa sehemu ya kila kundi katika jumla. Chukua mtoto mwenye B = 1.80 na E = 0.26. Enterobakteria ni asilimia 13 ya jumla. Sasa B ishuke hadi 0.90 kwa sababu mama amepunguza kunyonyesha, na E isibadilike hata kidogo. Asilimia ya E inapanda hadi 22. Ukiingiza asilimia hizo katika milinganyo, kompyuta itakueleza kwamba E ilikua, na itatafuta nani aliyeisaidia. Karl Pearson alionya kuhusu uhusiano wa uongo unaozaliwa na uwiano tangu mwaka 1897, na onyo lake linasahauliwa kila mashine mpya inapoingia sokoni.

Kwa hiyo kila sampuli inahitaji kipimo cha pili cha jumla ya bakteria, ama kwa PCR ya kupima kiasi, yaani kunakili DNA na kupima wingi wake, ama kwa saitometa, mashine inayohesabu seli moja moja. Zidisha jumla hiyo kwa sehemu ya kila kundi na utapata idadi kamili. Fanya pia masahihisho matatu yafuatayo. La kwanza ni nakala za jeni: E. coli ana nakala 7 za jeni ya 16S katika kromosomu yake, na bakteria wengine wana nakala chache zaidi, hivyo asiyegawanya kwa idadi ya nakala anawahesabu E. coli zaidi ya walivyo. La pili ni ukuta wa seli: bifidobakteria wana ukuta mnene usiopasuka kwa kemikali peke yake, na maabara isiyotikisa sampuli pamoja na vishanga vya kusagia itawaona wachache kuliko walivyo. La tatu ni maji. Kinyesi cha mtoto mwenye tumbo la kuendesha kimechanganyika na maji mengi, hivyo pima uzito mkavu na uandike seli kwa gramu kavu.

Zaidi ya hayo, andika tarehe ya kila badiliko la chakula. Watoto wa miezi 6 wanaanza kulikizwa, na rB yao haitabaki ilivyo. Kwa watu wazima hali haiko mbali na hiyo pale chakula kinapofuata majira: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulichambua sampuli 350 za Wahadza wa Tanzania zilizokusanywa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ulionyesha makundi ya bakteria yanayotoweka katika majira fulani na kurejea baadaye. Modeli yenye r isiyobadilika mwaka mzima ingewaona bakteria hao wamekufa moja kwa moja.

Hatua ya 7: Kadiria vigezo kwa rigresheni

Rigresheni ni njia ya kutafuta vigezo vinavyoikaribia data kuliko vingine vyote. Gawanya pande zote za mlinganyo wa E kwa E. Upande wa kushoto unakuwa kasi ya mabadiliko ya logi ya E, na upande wa kulia unakuwa jumla ya kawaida ya vigezo usivyovijua. Kwa kila jozi ya sampuli zinazofuatana andika mstari mmoja wa jedwali: tofauti ya logi ikigawanywa kwa siku, kisha namba 1, wastani wa B katika kipindi hicho, wastani wa E, na hali ya chuma. Kama E ilitoka 0.30 hadi 0.36 kwa siku moja, safu ya kwanza ni logi asilia ya 1.2, yaani 0.182. Rigresheni ya kawaida ya safu hiyo dhidi ya nyingine nne itatoa rE, aEB, aEE na c kwa pamoja. Fanya vivyo hivyo kwa B.

Ugumu unatokana na B na E kusogea pamoja, jambo linaloifanya rigresheni ishindwe kugawa sifa kati yao na kutoa namba kubwa zenye alama zinazopingana. Dawa yake ni kutoza faini vigezo vikubwa, njia inayojulikana kwa jina la Tikhonov. Ukubwa wa faini usichaguliwe kwa macho. Mtoe mtoto mmoja katika data, kadiria kwa waliobaki, tabiri sampuli za yule aliyetolewa, rudia kwa kila mtoto, na uchague faini inayotoa kosa dogo zaidi. Atolewe mtoto mzima, kwa sababu ukitoa sampuli moja moja, sampuli za jirani yake wa jana na kesho zitakuwa zimekwisha kumvujishia kompyuta jibu.

Sampuli ambayo E haikuonekana kabisa haina logi. Usiandike sifuri na usiifute kimyakimya. Weka nusu ya kiwango cha chini ambacho kipimo chako kinaweza kukiona, eleza kwamba umefanya hivyo, kisha urudie hesabu zote kwa robo ya kiwango hicho uone kama hitimisho linabadilika.

Hatua ya 8: Danganya kompyuta kwa data bandia

Kabla ya kuamini makadirio yoyote ya data halisi, tengeneza watoto wa kubuni. Tumia vigezo vya hatua ya 3, endesha modeli kwa ratiba ile ile ya sampuli utakayoitumia, ongeza kosa la asilimia 20 kwa kila kipimo, kisha ipe rigresheni data hiyo kana kwamba huijui siri yake. Ikirudisha aEB karibu na 0.3, ratiba yako inatosha. Ikirudisha 0.05 leo na 0.9 ukirudia kesho, hakuna takwimu itakayokuokoa, na ni heri kuligundua jambo hilo kwa gharama ya umeme wa kompyuta kuliko baada ya miezi 4 ya kupita nyumba kwa nyumba. Rudia kwa watoto 10, 20 na 40, nawe utakuwa umepata idadi ya washiriki kwa hoja unayoweza kuitetea mbele ya kamati ya maadili.

Linganisha pia utabiri wa modeli na utabiri wa mjinga anayesema kesho itakuwa kama leo. Utumbo hubadilika polepole kiasi kwamba mjinga huyo hushinda mara nyingi, na modeli isiyomshinda haina cha kuuza.

Hatua ya 9: Ipeleke modeli mahali itakapokosea

Mtoto akianza kuendesha, yaliyomo tumboni yanapita haraka, na kila kundi linapoteza kasi ile ile. Punguza rB na rE kwa 0.2 kila moja, bila chuma. B inakuwa 1.47, na E inakuwa 0.06 ÷ 0.38 = 0.16. Modeli inasema kwamba kuharisha kunawasafisha enterobakteria kuliko bifidobakteria. Lakini katika utumbo ambao ukuta wake umevimba kwa kuchokozwa mambo huwa kinyume: oksijeni huvuja kutoka katika ukuta wake, naitrati huongezeka, na enterobakteria wanazitumia zote mbili kupumua, wakati bifidobakteria hawana uwezo huo na oksijeni huwadhuru.

Kosa hili lina thamani kwa sababu linaonyesha mahali pa kuongeza. Ongeza kibadilika cha tatu, uvimbe, ambacho kinaweza kupimwa kwa kalprotektini ya kinyesi, protini inayotoka katika seli nyeupe za damu, kiruhusu kipandishe rE na kuishusha rB, na ukiruhusu kikue E inapokua. Watafiti wa jaribio la mwaka 2015 walipima kalprotektini, na chuma kiliipandisha. Mara mzunguko huo unapofungwa, E ikileta uvimbe na uvimbe ukilea E, modeli inaweza kupata misawazo miwili thabiti kwa chakula kile kile, na historia ya mtoto ndiyo itakayoamua anaishia upi. Rudi hatua ya 4 na utafute misawazo hiyo ukianzia mahali pengi tofauti.

Kosa la pili linatokana na vigezo a vyenyewe. Bakteria hawabanani moja kwa moja kama nambari zinavyodokeza. Wanabanana kupitia chakula na taka. Swali lako likihusu kiasi cha chuma badala ya kuwepo au kutokuwepo kwake, fanya chuma kiwe kibadilika chenye mlinganyo wake: kinaingia na uji, kinaliwa, kinatoka na kinyesi, na kasi ya E inakifuata kwa kanuni ya Jacques Monod, ikipanda haraka chuma kinapokuwa kidogo na kutulia kinapozidi. Modeli hiyo inakupa pia kipimo kigumu cha kuishi. Kama yaliyomo hukaa utumbo mpana saa 24, kundi lisiloweza kujizidisha maradufu ndani ya saa 16.6, yaani 24 mara logi asilia ya 2, litatolewa lote hata chakula kikiwa tele, isipokuwa liwe limejishika kwenye ute wa ukuta.

Na kama swali ni nani anatengeneza asidi gani na kwa nani, basi unahitaji modeli za umetaboli wa jenomu nzima, yaani zinazofuatilia mabadiliko yote ya kikemikali ambayo jeni za bakteria zinayaruhusu. Mkusanyo wa AGORA uliotolewa mwaka 2017 ulikuwa na modeli za bakteria 773 wa utumbo, na toleo la pili lina zaidi ya 7,000. Huko hakuna r wala a za kukadiria, lakini kuna jambo jingine la kulilipia: lazima ueleze chakula kilichofika utumbo mpana, molekuli kwa molekuli, na kwa uji wa mahindi uliopikwa nyumbani kazi hiyo inaanzia jikoni, kwa kupima unga, maji na bakuli la mtoto kabla na baada ya kula.